Vidudu Vyangu Vihamie kwa Mama Émérence

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Mgomba wa tano umeanguka. Bila upepo! Nimepasua kitako chake: funza wanene, wanakula kwa utulivu. Tangu ofisi ifungwe hapa Panda, tunaishi kwa ndizi. Mke wangu Philomène amesema zikiisha, atawapeleka watoto kwa dada yake, kando ya ziwa Tshangalele, kwenye samaki. Hakupaza sauti. Hilo limenitisha.

Jumanne, 8 Novemba
Migomba ya jirani, Mama Émérence, yote imesimama. Nimeuliza siri yake, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Amesema: pasua shina bichi, laza vipande kifudifudi. Harufu inaita vidudu vyeusi vyenye pua ndefu, wazazi wa funza. Asubuhi geuza, okota. Kila asubuhi.
Kila asubuhi! Nilikuwa karani, si kuku.
Lakini harufu inaita. Basi iviite kwake!

Jumatano, 9 Novemba
Nimekata mgomba mmoja mzima. Vipande kumi nimevirusha juu ya ua, vikaangukia kwake. Kisiki nimekiacha.

Ijumaa, 11 Novemba
Ameniita mbele ya watu. Nimeandaa uso wa asiyejua kitu.
"Aksanti sana, Papa Ruffin! Miye nilikuwa na vipande mbili tu. Sasa kuku zangu zinashiba."
Amenipa mayai mawili. Nimeyala kabla Philomène hajarudi sokoni. Kisha nimekata migomba miwili zaidi. Kuku watachoka tu.

Jumatatu, 14 Novemba
Kuku hawachoki. Upepo mdogo umeangusha minne yangu, ya mwisho. Mama Émérence ameonyesha visiki: vidudu vinazaliana humo. Amesema nimevijengea maternité, hospitali ya kuzalia.
Philomène amefunga mizigo. Nimesimama mlangoni nikimwangalia akikunja nguo za watoto.

Alhamisi, 17 Novemba
Mama Émérence amekuja na machipukizi sita, yamemenywa, meupe, hayana funza. Amemwomba Philomène angoje. Wakati huo tule ndizi zake. Philomène amefungua mizigo. Nimegeuka ukutani, vumbi limeniingia machoni.
Sharti moja: nichimbe mashimo mapya, mbali na ya zamani. Udongo ule upumzike.

Ijumaa, 18 Novemba
Mashimo mapya sita ya nini! Na visiki vimeoza, vinatoka kwa teke, shimo liko tayari, laini! Nimepanda humo humo. Saa nne nimemaliza. Mama Émérence angechukua siku mbili. Ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma.