Akaunti ya Uzeeni ya Kaylin

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji yangu Delmar kaniharibia samaki wa Ijumaa. Kajitapa mbele ya meza nzima: mjukuu wake anakata nyasi za watu, naye kamfungulia akaunti ya kustaafu. Pesa zinazaa miaka hamsini, na akizitoa uzeeni hakuna kodi. Kisha kaniuliza, shemeji, wako unamwekea nini, minyoo? Mke wangu naye kacheka. Mimi, mwenye duka la chambo kubwa kuliko yote kwenye ziwa hili. Yote yako mawili tu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemfungulia Kaylin, mjukuu wangu wa miaka kumi, akaunti kama hiyo, nikaweka dola elfu tano kwa mkupuo. Nikapeleka karatasi kwa Ruthanne, anayetutengenezea hesabu za kodi, anisifu. Hakunisifu. Kasema hairuhusiwi kuweka zaidi ya alichochuma mtoto mwaka huu kwa jasho lake. Kinachozidi kina faini, kila mwaka, mpaka ukitoe. Kachuma ngapi? Nikamwambia hajachuma kitu, ni mtoto. Basi zote zimezidi, mzee Virgil.
Pesa zangu, mjukuu wangu, faini ya serikali. Nimeondoka bila kuaga.

Jumanne, 11 Juni
Dawa nimeipata. Nimemwajiri Kaylin kuhesabia minyoo vikoponi. Mshahara: dola elfu tano. Nikampigia Ruthanne kumkomoa. Kauliza, mtu baki ungemlipa hizo? Nikasema mtu baki nisingempa hata senti. Kasema ndiyo maana haitakubalika, mlipe kama watu wanavyolipana.

Alhamisi, 13 Juni
Nimemlipa kama watu wanavyolipana, nikamkata ya minyoo waliofia mikononi mwake, hakikubaki kitu. Kavua aproni. Kaniambia, Babu, hao walikufa tangu jana, halafu unafoka. Kaenda kuosha mashua za Delmar. Za Delmar!

Jumamosi, 31 Agosti
Kaylin kachuma dola mia sita kwa Delmar. Nikawaza: jasho ni jasho, hata likimwagika kwa mpuuzi. Niache mia sita kwenye akaunti, zilizobaki nizitoe, mtoto abaki na mshahara wake mfukoni. Nikaenda kwa Ruthanne kifua mbele. Delmar alishafika asubuhi. Kamfungulia Kaylin akaunti nyingine, kaweka mia sita zilezile. Ruthanne kasema nafasi ya mtoto ni moja kwa akaunti zote, na imejaa. Zangu nitoe zote, pamoja na faida.
Nimetoa. Nikasukuma mlango kwa hasira. Kaylin alikuwa nje, kanishika mkono. Kasema, usinune, Babu, nitarudi dukani ukiacha kunikata. Nikamwambia nitafikiria.

Jumapili, 1 Septemba
Nimefikiria. Kukata siachi.
Tena simhitaji. Binti yangu mdogo kajifungua jana jioni, mvulana. Nimemwajiri papo hapo: mlinzi wa usiku dukani. Hanywi, hajibu mkubwa, na usiku wote yuko macho. Mshahara elfu tano. Ruthanne akiuliza kama mtu baki ningemlipa hizo, nitasema ningemlipa sita.
Leo nimepita hospitali kumkagua. Nimemkuta amelala. Nimemkata dola mbili.