Jinsi Aune Alivyouteka Ukurasa wa Oktoba

Sogeeni, enyi wenye masikio na pa kukaa! Weka chini kikombe, nawe uliye dirishani acha kuchungulia ya jirani, maana leo nasimulia tukio lililoutikisa ufuko wa Hillansalmi, kijiji chetu cha kando ya ziwa huku kaskazini, tangu gati la kufulia mazulia hadi kwenye mapipa ya taka: jinsi Aune binti Karppinen, mpishi mstaafu wa shule, mwenye magoti mabovu na moyo usiopinda, alivyopiga picha ya mti. Wako watakaosema, picha ya mti ndiyo nini? Hao waende salama.

Ijulikane kwanza kwamba kijiji chetu hutoa kalenda kila mwaka, nayo hutundikwa katika kila jiko juu ya meza ya kahawa. Kurasa zake zote, miaka nenda miaka rudi, zilikuwa milki ya mtu mmoja: Pentti Mustajoki, shemeji yake Aune, sultani wa lenzi ndefu, mshindi wa Januari, mtekaji wa Julai. Aune hakuwa na hata ukurasa mmoja. Alikuwa akinywa kahawa chini ya ushindi wa Pentti nyumbani kwake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma sana, wala hakuficha.

Mwaka ule ukabaki ukurasa wa Oktoba. Chama cha kijiji kilitaka picha moja yenye mapukutiko na majira ya baridi pamoja, nayo ifike kabla ya Jumamosi kwisha, la sivyo wangerudia picha ya zamani ya Pentti, ile ya banda la boti. Aune alikuwa na mti wake tayari: pihlaja uliosimama mbele ya sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke, umesheheni vishada vya matunda mekundu. Ulipungukiwa na theluji tu, na theluji ilikuwa imegoma wiki nzima.

Jumamosi ikawadia, nayo ni siku ya sauna, siku ambayo hata majemedari huvua mabuti. Aune akaingia pamoja na mdogo wake Lahja, mkewe Pentti. Kamera akaiacha katika chumba cha kuvulia nguo, penye joto, betri isije ikafa kwa baridi. Kosa gani hilo, enyi wasikilizaji! Huku kwetu sote tumeshalifanya, tukasahau kwamba mvuke haubishi hodi.

Ndipo Lahja, aliyekaa benchi la juu, akatazama kidirishani akapiga yowe.

"Dada! Theluji! Na jua limetoka!"

"Usinitanie."

"Nikutanie nini? Inuka, linazama hilo!"

Aune akainuka. Nguo hakuzitafuta, maana nguo zina vifungo. Alijifunga taulo, akatumbukiza miguu katika mabuti ya mpira, akanyakua kamera, akatoka mwili ukifuka moshi, akasimama kati ya mti na gati. Theluji mpya ilikuwa imekalia vile vishada, na jua lililopenya chini ya wingu lilikuwa limeuwasha mti mzima. Ulipendeza mno. Mimi nilikuwa ng'ambo ya uzio na reki yangu, na kwa adabu niliutazama mti tu.

Lakini ni nani yule gatini? Ni Pentti! Amesimika stendi yake ya miguu mitatu, lenzi imeelekea nchi kavu, jicho moja amelifumba.

Sasa jueni sheria ya ufuko wetu: mtu akitoka sauna haonekani. Humtazami, humwamkii, na kumwelekezea kamera ni aibu kuliko kumwibia boti. Pentti akaruka kama aliyeungua, akaligeukia ziwa.

"Mama yangu! Aune! Nilidhani bado mko ndani!"

"Ndiyo nimetoka, shemeji. Ulitaka nivae gauni la harusi?"

"Basi rudi ndani kidogo tu, nipige moja."

"Mti wa nani?"

Pentti akajifanya anakaza stendi.

"Nakuuliza, Pentti. Mti wa nani?"

"Wako," akasema, akiliambia ziwa.

Aune akainua kamera, asione kitu. Kioo kilikuwa kimezibwa na ukungu. Akakifuta kwa kidole, kikazidi. Taulo ndiyo ilikuwa nguo pekee iliyokuwapo, nayo ilikuwa na kazi nyingine. Jua lilibaki ukucha. Na juu ya msitu, ole wetu, zikasikika filimbi ndogo ndogo: jeshi la tilhi, wale ndege wa kishungi ambao wakitua juu ya pihlaja hawabakishi hata tunda la kuombea radhi.

Hapo shujaa akatoa hotuba.

"Ewe Pentti mwana wa Mustajoki! Kalenda nzima ni yako. Barafu ya Machi yako, korongo wa Mei wako, hata ule uyoga wa Agosti usioeleweka ni wako. Mimi nimewapikia watoto wa kijiji hiki uji mpaka wakaota ndevu, na sina hata mwezi mmoja wa kujivunia jikoni kwangu! Nipe kitambaa chako cha lenzi!"

"Aune, kitambaa chenyewe ni..."

"Pentti!" Lahja akanguruma, kichwa tu nje ya mlango. "Mpe dada, la sivyo leo utalala kwenye hilo banda la boti unalolipenda!"

Nami nitamsifu adui, maana anastahili. Angeweza kukaa kimya mpaka jua lizame, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichomoa kitambaa mfukoni, akarudi kinyumenyume juu ya gati lenye utelezi, macho ziwani, mkono nyuma, akipapasa hewa mpaka Aune akakipokea.

"Futa kwa kuzungusha," akanong'ona. "Usikandamize."

Aune akafuta kwa kuzungusha. Akashusha pumzi, akabonyeza mara moja. Hapo hapo mabawa yakashuka kwa kishindo, theluji ikamwagika, na Pentti aliporuhusiwa kugeuka mti ulikuwa vijiti vitupu na ndege walionenepa.

"Umeipata?"

Aune akamwonyesha. Pentti aliitazama kamera, kamera peke yake, kwa uangalifu mkubwa.

"Imekaa sawa," akasema, na kwa mtu wa Hillansalmi huo ni utenzi mzima. "Kavae sasa, utaugua."

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe, kwamba siku hiyo Oktoba ilianguka mikononi mwa Aune. Wafalme waliteka miji, na miji ikarudishwa, Oktoba haikurudishwa. Majuzi nilikwenda kunywa kahawa kwa akina Pentti. Nje theluji imefika dirishani, na kalenda mpya ukutani imefunguliwa Oktoba.

"Lahja," nikamwambia, "si tuko Februari?"

"Kwenu labda," akanijibu, akimimina kahawa.

Hata Pentti, ambaye Februari ni yake, hakuugeuza ukurasa. Alisogeza kiti chake apate kuiona vizuri ile picha ya mti.