Nilienda Kupiga Picha Angurai, Nikaombewa

Jamani, leo nimeaibika. Tena nimeaibikia juu ya kilima, mahali ambapo huna hata mlango wa kujifichia.

Mnajua kazi yangu hapa Malaba mpakani ni picha za harusi, za mahafali, na zile ndogo za pasipoti. Sasa kuna Mzee Okisai, anamalizia kujenga gesti yake karibu na barabara kuu. Anataka picha moja kubwa ya ukutani, pale wageni watakapopokelewa. Akaniita akaniambia, "Binti yangu, wageni wangu wameona malori tangu Mombasa. Wakiingia kwangu nataka waone kwetu. Lori hata moja lisionekane."

Nikamwambia asijali. Mimi, ambaye sijawahi kupiga picha ya mandhari maishani! (Mlima huwezi kuuambia "tabasamu".) Lakini kazi kama hii haiji mara mbili, na pasipoti zimenichosha.

Jana nikashuka Busia kwa Wafula, rafiki yangu anayekodisha vifaa vya kamera. Akaniwekea lenzi mbili kwenye kaunta. Moja ndefu kama chupa ya soda, ya kuvuta vitu vya mbali. Nyingine pana, fupi na nene, kioo chake kimevimba kama jicho la chura.

"Chagua moja," akasema. "Itakayobaki inaenda harusini Matayos."

Nikaifunga ile pana kwenye kamera, nikasimama mlangoni, nikachungulia. Haki ya Mungu! Barabara nzima iliingia ndani. Bodaboda, mama wa mahindi ya kuchoma, mikungu ya matoke kutoka ng'ambo Uganda, majengo ya huku na ya kule, mawingu yote, na viatu vyangu mwenyewe. Nikatoa jicho. Nikarudisha. Barabara hiyo nimeipita maisha yangu yote na sikujua ni kubwa hivyo.

"Lakini ujue mlima ukiwa mbali hii itaufanya mdogo," Wafula akasema. "Tafuta kitu cha karibu ukiweke mbele. Jiwe, maua, chochote. Na uiname."

"Wafula, nimeshachagua."

(Sikusikia hata neno. Nilikuwa bado natazama mawingu.)

Leo asubuhi boda ikaniacha Angurai sokoni, nikapanda kilima kwa miguu hadi kwenye miamba ya juu. Nilipofika, nikageuka.

Sikilizeni. Mimi nimezaliwa hapa. Mwamba wa Tororo nimeuona tangu utotoni, uko tu pale ng'ambo kama jirani. Lakini sikuwahi kuuona nikiwa juu, na mvua imeosha hewa usiku kucha. Bonde lote lilikuwa chini yangu, kijani mpaka macho yanachoka, moshi wa majiko ukipanda mmoja mmoja. Kenya na Uganda zimelala pamoja, huwezi kujua mpaka uko wapi. Kaskazini, Mlima Elgon umejaza upande mzima wa mbingu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Hivi vyote vilikuwa hapa?"

Kisha nikakumbuka kazi. Nikachungulia kwenye kamera. Tororo imekuwa jino! Elgon, mlima wote ule, kichuguu!

Hapo ndipo maneno ya Wafula yakaanza kunifikia. Kitu cha karibu. Uiname. Nikapata maua madogo ya njano yameota kwenye ufa wa mwamba, karibu na ukingo. Nikalala kifudifudi. Kamera juu ya begi, kidevu kwenye mwamba, miguu nimeitanua nyuma nisiteleze. (Na sehemu ile nyingine imeinuka juu. Msiniulize.)

Picha ikakaa! Maua makubwa mbele, bonde likifunguka nyuma yake, mbingu juu. Kilichobaki ni mwanga, maana jua lilikuwa limefunikwa. Mara nikaona wingu limepasuka, na doa la jua linatembea bondeni, linawasha shamba hili, linazima lile, linakaribia Tororo. Nikaanza kutetemeka. Machozi yakanitoka, siwadanganyi.

"Linakuja!" nikapiga kelele. "Ee Mungu wangu, linakuja!"

"Ameni!" ikajibu sauti nyuma yangu.

Nilifikiri ni mwangwi.

"Acha lije, dada!"

Kumbe upande wa pili wa miamba kulikuwa na wamama wa maombi, wamepanda kufunga na kuomba. Wamesikia kilio, wamekuja mbio, wamekuta mwanamke kifudifudi ukingoni, anatetemeka, analia, anamwita Mungu. Wewe ungefanya nini?

Nikahisi mkono kichwani. Mwingine mgongoni. Mwingine ukakamata kisigino.

"Mama, tafadhali, msinishike!"

"Hiyo si sauti yake," akasema kiongozi wao, mama mmoja wa kitambaa cheupe ambaye wenzake walimwita Mama Mchungaji. "Hilo ni pepo linaogopa. Shikilieni!"

"Mimi ni mpiga picha!"

"Toka, pepo la picha!"

"Edeke! Edeke!" wengine wakawa wanamwita Mungu kwa Kiteso, mikono wameinyoosha mbele juu ya kichwa changu.

Na wakati huohuo jua likafika Tororo. Mwamba wote ukawaka. Sasa nifanye nini? Niinuke nijieleze, mwanga uende? Nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena huku natikiswa kama kibuyu cha maziwa. Wingu liliporudi, nikalegea kwa kuchoka.

"Limetoka!" wakashangilia.

Nikageuka, uso mzima changarawe. Cha kwanza kuona ni simu. Dada mmoja alikuwa amerusha yote mtandaoni, moja kwa moja, tangu mwanzo. Kutokea nyuma. (Nimewaambia msiniulize.)

Nikawaeleza polepole. Mama Mchungaji akanitazama, akatazama kamera, akanitazama tena.

"Kwa hivyo si pepo."

"Si pepo, mama."

"Sasa ulikuwa unalilia nini?"

Nikanyoosha mkono tu. Wakageuka wote wakatazama: bonde, mwamba, Elgon na mawingu yake.

"Sisi huja hapa kila mara," Mama Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "lakini huwa tumefumba macho."

Nikawaonyesha picha. Maua yapo. Bonde lipo. Tororo ni ndogo, ndiyo, lakini inawaka. Na kwa kuwa lenzi ile haiachi kitu, kutoka juu, pande zote za mbingu, mikono ya wamama imeingia, vidole vimetanuka, kana kwamba wao ndio wameshikilia mawingu yasianguke.

"Huo ni mkono wangu," mmoja akanong'ona.

Nikamtumia Mzee Okisai palepale. Akapiga simu. "Binti yangu, hii mikono ni ya nani?" Kabla sijajibu akasema, "Usiniambie. Hii hii. Na iwe kubwa!"

Nilikuwa naanza kushuka kilima, moyo mweupe, simu ikalia tena. Mama yangu mzazi, kutoka Matayos. Amekuwa akinibembeleza niende kanisani tangu nianze kujitegemea. Alikuwa analia.

"Mwanangu, nimeona! Nimeona kwa macho yangu! Nimeshawaambia wote. Jumapili unatoa ushuhuda!"

Nikafungua mdomo nimweleze. Alikuwa ameshaanza kuimba.

Basi ile video mkiiona, nawaomba mcheke kimya kimya huko mliko. Msiandike chochote chini yake. Mama anasoma maoni yote, na kila moja analijibu "Ameni".