Diski Imejaa na Mwizi Haonekani

Jumatatu, 4 Machi

Seva ya redio imejaa. Pomoni! Floribert, msomaji wetu wa matangazo ya vifo, amerekodi tangazo la asubuhi na mashine ikakataa kulihifadhi. Sasa anayasoma yote mwenyewe moja kwa moja hewani, saa baada ya saa, na sauti inamkauka.

Nimepima. Diski ina giga mia tano, zote zimeliwa. Nimejumlisha mafaili yote, moja moja: giga mia mbili na kumi tu. Mia mbili na tisini ziko wapi? Kuna mwizi.

Maman Adolphine, mkurugenzi, ametangaza kwamba atakayemkamata mwizi huyo kabla ya Jumamosi ndiye atakuwa chef technique, mkuu wa mafundi. Miaka tisa naisubiri nafasi hiyo! Mpinzani ni mmoja: Ornella wa mtaa wa Kasha, fundi mwenzangu, ana miezi minane tu hapa.

Mimi mikono yangu safi. Mwezi wa kwanza nililifuta lile faili kubwa ambamo programu ya matangazo huandika shajara yake kila sekunde. Tangu siku hiyo halijarudi. Limeniogopa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepekua kabrasha la Ornella. Video ya harusi, giga tatu! Nimeipeleka mbio ofisini, nikaeleza kwa ukali kwamba wapo watu wanaogeuza redio ya jamii kuwa kabati la sherehe zao.

Maman Adolphine alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ile ni harusi ya Charlène, binti yake, na yeye ndiye aliyeomba itunzwe. Nimesifu nguo za bibi harusi, nikatoka.

Jumatano, 6 Machi

Nimefuta kila nisichokitambua. Nimepata giga mbili. Baadaye nikagundua mojawapo ilikuwa muziki wa kufungulia taarifa ya habari. Saa sita mchana Bukavu nzima imesikia kimya, halafu Floribert akikohoa.

Kule Kamanyola kuna familia iliyopiga simu. Jana Floribert sauti ilikatika, tangazo lao likasomwa mara moja tu, wala hawakulisikia. Wamefika baba yao mkubwa ameshazikwa. Aliyepiga hakugomba, alilia tu. Niliona haya, kwa kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Ornella ameshauri tuizime seva na kuiwasha upya. Kuizima! Zamani délestage, ule mgao wa umeme, ilituzimia mashine mara tatu kwa siku. Ni mimi niliyepigania paneli za jua na betri, na tangu tarehe mbili Januari seva haijazimika hata sekunde. Ubao uko mlangoni, naubadilisha kila asubuhi kwa chaki: SIKU 65.

Nimeleta kiti changu, nimekaa mbele ya swichi mpaka saa ya kufunga. Hata chakula nimekula pale pale.

Ijumaa, 8 Machi

Ornella amempata mwizi. Bila kuzima!

Ameiuliza mashine ni mafaili gani yameshikwa na programu, hata yale yasiyo na jina tena. Likatokea moja, giga mia mbili na tisini. Shajara ya programu ya matangazo. Imefutwa Januari.

Akamweleza Maman Adolphine, mbele yangu: "Hii faili balifuta jina tu. Programu ingali inaishika, iko inaandika mu ndani. Ni sawa mugeni balifuta jina yake ku liste ya ndoa, lakini yeye iko ku meza, iko anakula."

Akaongeza kwamba délestage ndiyo ilikuwa ikimtoa mgeni mezani kila siku, bila sisi kujua. Betri zilipokuja, akapata kiti cha kudumu.

Maman Adolphine akauliza nani alifuta. Nikatazama dirishani. Ornella akaanzisha upya programu ile peke yake, sekunde mbili, nafasi yote ikarudi. Floribert alimkumbatia. Mimi alinipita.

Jumamosi, 9 Machi

Ornella ni chef technique. Nimepiga makofi kidogo.

Jumatatu ataandika ripoti ya nani alifuta. Anasema ni rahisi: seva ina shajara nyingine, inayoandika amri ya kila mtu, jina na saa. Jina na saa!

Lakini mimi, Télesphore, sijalala. Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nimeitafuta shajara hiyo, nimeifuta. Nimetazama tena: haipo. Safi! Giza tupu. Wala sikuzima kitu, ubao unasomeka SIKU 67.

Asubuhi diski ilikuwa asilimia arobaini na mbili. Sasa tunafunga, ni arobaini na tatu, na mafaili yote niliyoyajumlisha hayajaongezeka.

Ornella huyo. Siku moja tu ya ukubwa, ameanza kuiba! Jumatatu napeleka mashtaka.