Operesheni Zima Yote ya Jengo la Sangara

Umma unajulishwa kwa furaha kubwa kwamba Jengo la Sangara, ghorofa saba, katikati ya jiji la Mwanza, limeshinda vita dhidi ya gharama za umeme. Mimi, Yeremia Odoyo, Katibu wa Kamati ya Kudhibiti Mwanga, Joto na Baridi, nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na sijawahi kuifurahia kazi kiasi hiki.

Kamati iliundwa mara tu Mkurugenzi wetu, Ndugu Machibya, aliporudi kutoka ng'ambo alikokwenda kujifunza kubana matumizi ya umeme katika majengo ya biashara. Alirudi na cheti, pamoja na koti zito la sufu, zawadi ya wenyeji wake. Koti lile lina bitana nene mno, na kwa jua la Mwanza halivaliki mpaka kiyoyozi kishushwe hadi nyuzi kumi na sita. Nyuzi kumi na sita nazo hazivumiliki bila hita chini ya meza. Ndiyo maana ghorofa ya saba, iliko ofisi yake, ilisamehewa masharti yote kwa maslahi mapana ya jengo.

Ghorofa nyingine tulizishughulikia bila huruma. Feni zote zilipewa likizo bila malipo. Birika la chai la ghorofa ya nne liliitwa mbele ya kamati, likahojiwa, likapewa onyo la maandishi. Taa za ngazi ziliruhusiwa kuwaka pale tu mtu anapokuwa ameshaanguka. Mkurugenzi akatunga mwenyewe Kanuni ya Tisa: atakayewasha chochote kilichozimwa na kamati, bila Fomu Namba Tisa yenye saini ya Mkurugenzi, anahama siku hiyohiyo.

Pamoja na juhudi hizo, luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, iliendelea kula uniti kama imetumwa. Kamati ikakaa siku mbili, ikampata mkosaji: Sabina Masele, fundi cherehani wa chumba namba tatu, chini kabisa, jirani na swichi kuu. Ushahidi ulikuwa mzito. Pasi yake inatoa mvuke, na hakuna kifaa kingine jengoni kilichowahi kuonekana kikitoa kitu.

Sabina alinifuata, futi ikining'inia shingoni. “Kaka Yeremia, mimi napiga pasi nusu saa tu kwa siku. Chumba hiki kimenisomeshea mwanangu Precious mpaka kidato cha nne. Mkinitoa, wanakwaya ninaowashonea sare watanitafuta wapi?”

“Ombi lako limepokelewa,” nikamjibu.

“Halafu mwambie mzee, lile koti nilishamwambia alilete nitoe bitana. Kazi ya asubuhi moja tu.”

Nikaandika: mtuhumiwa anakwepa hoja.

Ili haki ionekane ikitendeka, tukaandaa Operesheni Zima Yote. Saa nne kamili asubuhi tungezima umeme wa jengo zima, isipokuwa ghorofa ya saba, ambayo ina njia yake ya umeme pembeni. Luku ikiendelea kula, basi ni Sabina. Mkurugenzi angeshuka kusaini barua ya kumhamisha mbele ya wapangaji wote. Barua ilikuwa tayari kwenye faili langu.

Mimi ni mtu wa saa. Ilipotimu saa nne nikashusha swichi. Wapangaji wakapiga makofi. Kisha tukasikia kishindo ndani ya lifti, na sauti ya Mkurugenzi ikimwita mama yake.

Lifti ilikuwa imenasa juu kidogo ya sakafu yetu. Kwenye upenyo wa mlango tuliviona viatu vyake, vimeng'arishwa vizuri sana.

“Yeremia! Washa!”

“Ndiyo, Mkurugenzi. Naomba Fomu Namba Tisa.”

“Fomu si zimekwisha tangu Ijumaa!”

“Ni kweli, Mkurugenzi. Kuchapa nyingine kunahitaji printa iwashwe, na printa inahitaji Fomu Namba Tisa.”

Viatu vikazunguka mara moja. Nadhani alikuwa anavutiwa na jinsi kanuni yake ilivyokaza.

“Basi mwiteni fundi Kashindye afungue mlango!”

“Yuko msibani Kisesa. Amesema wakishazika tu anakuja.”

Wakati huo wapangaji walikuwa wameizunguka luku. Uniti zilikuwa tatu tulipozima. Sasa zilikuwa mbili, na zinashuka.

“Shika pasi yangu,” Sabina akaniambia. Nikaishika. Ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikaandika: mtuhumiwa amepoa, luku inaendelea.

“Kinachowaka si kile kiyoyozi cha juu tu?” akasema Elias, muuza simu wa chumba namba tano. Nikamwomba asiingilie uchunguzi.

Dakika zikapita. Sauti ikatoka tena kwenye lifti, safari hii laini. “Sabina, binti yangu. Wewe uko karibu na swichi. Hebu washa.”

“Shikamoo, mzee. Nikiigusa nahama leo. Kanuni ya Tisa ulitusomea mwenyewe, tukakupigia makofi.”

“Nakuruhusu!”

“Kwa mdomo?”

Nakiri nilijivunia mpangaji huyu. Nikaeleza kwamba, fomu zikikosekana, ruhusa inakubalika kwenye karatasi yoyote yenye nembo ya jengo. Karatasi ya namna hiyo kwenye faili ilikuwa moja tu: barua ya kumhamisha Sabina. Nikaipenyeza pamoja na kalamu. Ikarudi imelowa jasho, nyuma imeandikwa: “Sabina awashe. Asihamishwe kamwe. Machibya.” Sabina akaisoma mara mbili, akaikunja, akaificha kifuani, akapandisha swichi.

Hakikuwaka kitu. Luku ilisoma sifuri. Ghorofa ya saba ilikuwa imezimaliza zote.

“Nunua kwa simu yako, mzee,” Elias akashauri.

“Kwa hela ya nani?”

Joto likamjibu. Akanunua, akaanza kutusomea tarakimu moja moja, Sabina akibonyeza. Zilipobaki nne, akasita.

“Yeremia. Umeme ukirudi, kiyoyozi changu nacho kitawaka?”

“Kitawaka chenyewe, Mkurugenzi. Na hita.”

“Kwa hela yangu?”

“Kwa hela yako, Mkurugenzi.”

“Kizimeni! Zimeni na hita! Zimeni saba yote!”

Nikamkumbusha kwamba msamaha wa ghorofa ya saba hutenguliwa na kikao halali, chini ya mwenyekiti, ambaye ni yeye. Kikao kikafanyika palepale mlangoni, yeye ndani, sisi nje, kikapitisha hoja kwa kelele moja, yake. Akapenyeza ufunguo wa ofisi, Elias akapanda ngazi mbio kuzima. Ndipo tukapewa zile tarakimu nne.

Lifti ikafunguka. Mkurugenzi akatoka ameloa chapachapa, akavua koti bila neno, akamnyooshea Sabina.

“Asante, mzee,” Sabina akasema, akitafuta chaki. “Ila wanakwaya wa Nyakato wamekutangulia. Kaa hapo kwenye benchi.”

Akakaa.

Tangu siku ile kiyoyozi cha ghorofa ya saba hakijawashwa. Mkurugenzi amegundua kwamba ofisi yake ina madirisha, na upepo wa ziwa unaingia bila fomu. Uniti za wiki moja sasa zinatupeleka wiki tatu. Ripoti ya Kamati imeupongeza uongozi wake wa mfano.

Barua ya Sabina imetundikwa ukutani, upande wa nyuma ukitazama wateja. Ile bitana aliyoitoa kwenye koti ameitandika mezani, na anapigia pasi juu yake.