Kilo za Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa nane

Nimekwisha. Mimi Floribert, fundi simu, niliyezoea kuwacheka wengine, leo nimekwisha mwenyewe.

Ujumbe umeingia mchana. Unatoka Air Kanga, kampuni ya ndege ndogo iliyoniuzia tiketi ya promo mwezi wa pili. Kila msafiri wa promo atapimwa kwenye mizani kabla ya kupanda. Atakayezidi kilo zilizoandikwa siku ya kununua anabaki chini. Tiketi hairudishwi.

Tiketi ni ya mama mkwe wangu, Mama Emerance. Alhamisi anaruka kwenda Kisangani. Jumapili mtoto wake wa mwisho, Ézéchiel, anapewa upadri. Mama anakaa kwetu tangu alipokimbia vita huko Fataki. Kitenge cha sherehe ameshashonesha. Kila asubuhi anakitoa, anakitazama, anakirudisha. Barabara hatuijaribu, hata kuitaja nyumbani hatuitaji. Ni ndege au hakuna.

Siku ya kununua, ajansi, yaani ofisi ya tiketi, waliniuliza mama ana kilo ngapi. Kilo zikipungua, bei inashuka. Sasa mimi nitajuaje? Mama mkwe hata mkono simpi hovyo, nitamuuliza uzito? Nikasema hamsini na tano. Ilikuwa heshima. Na bei ilikuwa tamu.

Ningeweza kumuuliza mke wangu, Alphonsine. Lakini nilimwambia nimenunua tiketi ya kawaida! Nicolas, mume wa mdogo wake, alitaka kumkatia mama tiketi ya kampuni kubwa, bei kamili. Nilikataa mbele ya ukoo mzima, nikapigiwa makofi.

Mama si mtu wa hamsini na tano. Nasema hivyo kwa heshima.

Jumapili, tarehe 10

Kwanza kujua ukweli. Nimeazima mizani ya kukanyaga kwa jirani Elodie, mkunga. Nimeificha chini ya mkeka mlangoni, namba tu zikichungulia. Nikajibana nyuma ya pazia. Si adabu, najua. Ila nilipanga kuangalia mizani, si mama.

Wakarudi kutoka misa. Aliyetangulia kukanyaga ni Nicolas, kaja kusalimia. Mia moja na nne! Nilifurahi kidogo. Kisha mama akauona mkeka umevimba, akadhani kuna nyoka. Alichukua mchi.

Elodie anataka mizani mpya.

Jumatatu, tarehe 11

Mpango wa pili: kupunguza. Nimemwambia Alphonsine mawese yananipa kiungulia, tupike bila mafuta. Sombe, yaani majani ya muhogo, kavu. Bugali kiasi cha ngumi ya mtoto. Mama alikula, akashukuru, akaomba ruhusa akamsalimie Bénédicte, mke wa Nicolas.

Alirudi jioni ananukia samaki wa Tchomia, kule ziwani. Nicolas alimsindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwangu kuna shida, maana mama amemaliza sahani tatu. Sahani tatu! Nilijibu hakuna shida yoyote. Nilitamani kumsukuma mtaroni.

Jumanne, tarehe 12

Nimepata! Msafiri aliyenunua mapema lazima alindwe, na mimi nitamlinda. Nimeanzisha Kamati ya Kulinda Wasafiri wa Promo. Rais: mimi. Nimebandika tangazo kwenye kioo cha duka.

Watu wamekuja kweli! Valérie, mwalimu, tarehe yake imesogezwa mara mbili bila kuambiwa. Mzee Constant amepewa kiti cha kumi na sita kwenye ndege ya viti kumi na viwili. Na Micheline, anayeuza vitenge vya soko la Ariwara, sauti kama kengele ya parokia.

Nikatoa hoja yangu: mizani ifutwe, inawadharau wakwe. Micheline akasema yeye hana ugomvi na mizani. Anataka kampuni isaini kwamba ndege yao isipokuja, watatupandisha ya wengine siku ileile kwa gharama yao. Nilicheka sana. Nilimwambia hizo ni ndoto. Tukaandika zote mbili, yangu juu.

Jumatano, tarehe 13

Tumekwenda ajansi. Mkuu wao, Bwana Augustin, alikataa hoja yangu bila kupumua: ndege haibebi adabu, inabeba kilo. Ya Micheline pia akaikataa. Micheline hakubisha. Alishusha marobota yake mlangoni, akaketi juu yake, akaanza kuuza vitenge. Valérie akachukua kiti cha Augustin. Mteja gani angeingia? Jioni Augustin akasaini huku akicheka, akisema ndege yao haijawahi kukosa hata siku moja.

Wengine walishangilia. Mimi nimerudi mikono mitupu. Nimemwomba Mungu mama augue kidogo. Halafu nimeomba msamaha, nikaomba iugue mizani.

Alhamisi, tarehe 14

Uwanja wa ndege. Mizani iko mbele ya watu wote. Ukoo mzima umekuja kuaga, Nicolas mbele kabisa, na miwani ya jua.

Zamu ya mama ikafika. Nikageuka nyuma, maana mkwe haangalii. Nikasikia kiatu chake juu ya chuma.

Simu ya Augustin ikalia. Ndege imepasuka tairi huko ilikolala. Haiji leo, haiji kesho.

Mama alishuka kwenye mizani kabla mtu hajasoma kitu. Nilitaka kucheza. Kisha nikamwona ameketi juu ya sanduku lake, analia bila sauti, na nikajichukia. Nilijichukia kweli.

Micheline, aliyekuja na kamati, ndiye aliyenyanyua karatasi yenye saini. Kelele! Augustin alitoka mbio kwa pikipiki, akarudi amelowa jasho: wasafiri wote wamepata viti mchana huu, kampuni kubwa. Na kule wanapima mizigo tu. Mizigo tu! Nilimkumbatia Augustin. Nilimkumbatia hata Nicolas, sijui ilikuwaje.

Kabla ya kupanda, mama alimnong'oneza Alphonsine, naye akaniletea maneno yalivyo, mimi nikiitwa kwa jina la mtoto wetu: “Ambia Papa Michée, zile kilo cinquante-cinq nilikuwa nazo zamani, mbele baba yenu anioe. Aksanti ya kunikumbusha.”

Hamsini na tano! Kumbe tiketi waliisoma tangu mwezi wa pili. Wote. Alphonsine alinitazama mpaka nikaangalia viatu.

Jumapili, tarehe 17

Picha imefika. Padri Ézéchiel amevaa nyeupe, mama pembeni yake na kitenge chake, anacheka meno yote. Nimelia, sifichi. Nicolas naye amelia, ila kwa sauti kubwa zaidi, ili asikike.

Jumatatu, tarehe 18

Watu wananipa mkono barabarani. Rais! Nawaeleza nilivyoifikiria ile hoja ya ndege ya wengine. Micheline alipita katikati ya maelezo. Nilimpa kava ya simu bure, akaendelea na safari yake.

Mama atarudi kabla ya Noeli. Air Kanga wametoa promo mpya, na asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Augustin akauliza kilo za msafiri. Mtu hujifunza. Siwezi kurudia kosa lilelile, kwa hiyo hamsini na tano sikuitaja kabisa.

Nimesema hamsini na tatu. Kisangani kuna joto.