Kingereza ya Ku Barrière

Siku ya yenga, siku ya misa, tarehe 1 mwezi wa kenda

Christa, mutoto ya jirani, andika. Andika vile niko nasema, usitengeneze. Weye ulisoma, miye hapana, mais daftari ni yangu.

Leo Siméon amepiga simu toka Amerika, ile ya kuonana sura. Nilivaa kitambaa ya misa ku kichwa. Bénie, mutoto yake, akaonekana. Miaka sita. Meno mbili ya mbele hakuna. Akasema "Hai, koko," ni kusema bibi, kiisha akakimbia. Nikabaki naangalia kiti. Siméon anasema nisikasirike, mutoto anajua Kingereza tu, tena alishachoka, juu kwanza alisema na koko yake ya Beni nusu saa nzima.

Nusu saa! Ni Adèle huyo, mama ya Jemima, na Jemima ndjo muke ya Siméon. Aliishi Kampala miaka munane, anauza bitenge, sasa Kingereza inamutoka mu kinywa kama moshi mu jiko. Miye napata hai, na kiti.

Siméon huyu, nilimubeba ku mugongo toka Kirumba, viazi juu ya kichwa, mvua juu ya viazi. Baba yake alikuwa mbele, mikono mitupu, anaimba. Mungu amurehemu, sauti alikuwa nayo. Nasema nini? Eh. Mutoto ya Siméon sijamubeba hata siku moja. Niko na miaka makumi saba na kitu. Kama hanijue sasa, atanijulia wapi? Ku picha ya kilio?

Nimekata shauri. Najifunza Kingereza. Siku sita zinatosha. Mungu alifanya dunia na zilezile.

Siku ya kwanza, tarehe 2

Nimeenda kwa muzee Kasonia, hapa hapa Mususa, mu Butembo. Aliendesha lori miaka makumi mbili, Butembo, Kasindi, Kampala. Sasa goti ilikatala, anakaa mbele ya nyumba anasalimia batu. Nimemupelekea maharagi kopo mbili. Masomo ikaanza.

Anasema Kingereza haiko nguvu. Unakamata neno moja ya kazi, tuseme "geti". Kiisha unafunga kaneno kadogo ku mukia. Geti in: ingia mu gari. Geti auti: toka. Geti dauni: shuka chini. Nikauliza, na "geti" yenyewe ni nini? Akafikiri sana. Akasema yenyewe peke yake haina kazi.

Nikaelewa. Ni mbakisa! Ku soko, mutu akinunua kopo ya maharagi, namuongezeaka mukono moja ya bure juu. Ndjo mbakisa. Lakini mbakisa ya kwetu haigeuze kitu. Ya Bangereza, unapima maharagi, unatia mbakisa, mutu anafika kwake anakuta mbuzi. "Pulu" ni kusema vuta. "Pulu ova" ni kusema simamisha gari kando. Anavuta nini? Kasonia anasema nisiulize. Ku barrière, fasi askari banasimamisha magari, mwenye kuuliza ndjo analala pale.

Siku ya tatu, tarehe 4

Nimefikiri: neno bila kujaribu inaozaka. Donc nikasimama ku mulango ya lupango. Djuma wa taximoto akapita, amefunga magunia mbili ya shu, kabichi, nyuma. Nikatoa sauti ya tumbo, kama Kasonia alinionyesha.

"Pulu ova!"

Djuma hakuangalia hata ni nani. Akafunga frein, ndjo breki. Yeye akasimama, shu ikaendelea na safari mpaka mu mufereji. Akatoa karatasi ya moto, ile pikipiki, carte d'électeur ya kupiga kura, karatasi ya chanjo. Kiisha akageuka akaona ni miye na sandale moja.

Maneno alisema, Christa, usiandike. Nimeokota shu makumi tatu na kitu, nimezisafisha moja moja, mugongo inalia. Mais Kingereza inafanya kazi! Adèle na miaka yake munane, alishasimamisha nani?

Siku ya tano, tarehe 6

Mupango ingine. Kingereza nzuri kwa mutoto mwenye kuchoka ni bure. Nimemutumia Siméon sauti ku WhatsApp. Nimesema Mama Adèle anasali, haiko muzuri kumusumbua siku ya yenga mangaribi, basi aanze na Butembo, Beni ifuate.

Haiko bongo, sikudanganya. Adèle anasali. Sikusema ni saa ngapi.

Christa aliniangalia. Nilimwambia kazi yake ni kuandika.

Siku ya posho, tarehe 7

Adèle amepiga simu toka Beni. Nilishatayarisha matusi, ya kadiri, matusi ya watu wa familia. Lakini akauliza mugongo yangu, akauliza mvua, akauliza kama maharagi imekubali. Kiisha akasema Siméon alimuambia habari ya sala.

Akasema: "Mama Siméon, saa ya kwanza ni yako. Kamata. Miye nilikuwa nangoja tu siku utaiomba."

Bila hasira. Bila kunihukumu. Hiyo ndjo iliniogopesha. Huyu mwanamuke ameficha nini? Nimekunywa chai bila sukari juu ya mawazo, kiisha nikakumbuka nikaikunywa tena na sukari.

Siku ya yenga, tarehe 8

Saa kumi na moja. Kitambaa ya misa tena. Kasonia nimemukalisha nyuma ya simu, fasi haonekane, kusudi anipe maneno nikikwama. Nilishakamata maneno ya adabu kumi. Simu ikalia. Bénie akaonekana. "Hai, koko." Akageuza mugongo akimbie.

Maneno yote ya adabu ikatoka mu kichwa. Ikabaki moja.

"Pulu ova!"

Mutoto akasimama. Nilisikia kule Amerika kikombe inaanguka, ilikuwa ya Siméon. Bénie akarudi polepole, macho mukubwa. Kasonia ananitolea alama na kidole. Nikasema geti dauni. Akakaa chini! Nikasema tena, pepas, ni kusema toa karatasi. Akatoka mbio. Nikajua imekwisha, nimemuogopesha, mutoto ya batu. Nikaanza kutafuta fasi ya kuweka uso.

Akarudi. Mu mukono karatasi alichora: jua, nyumba, na mutu mwenye kitambaa mukubwa na vidole kumi na tatu. Akaishikilisha mbele ya simu, sura ngumu, kabisa kama dereva wa Kasindi. Nikaiangalia muda murefu, vile banaangaliaka ku barrière. Nikakunja uso. Nikataka kuuliza huyu mutu ni nani, Kingereza ikawa imeisha, na Kasonia alishakufa na kicheko. Nikauliza tu mu Kiswahili.

Akasema: "Ni weye, koko."

Mu Kiswahili. Kinywa bila meno mbili, mais Kiswahili. Kiisha akaweka mukono ku kioo ya simu, ananiita nije: "Kuya huku."

Siméon akanieleza. Ile nusu saa ya Adèle haikuwa Kingereza. Tangu mwezi wa tano Adèle anamufundisha Bénie Kiswahili, neno kwa neno, kusudi mutoto asemeshe koko ya Butembo. Alikataza baniambie. Alitaka mutoto aseme yeye mwenyewe.

Nililia. Kasonia naye alilia, anasema ni moshi. Hakukuwa moto.

Tulibaki ku barrière saa moja na robo. Namuambia kari on, ni kusema endelea na safari, anazunguka meza, anarudi na karatasi mupya. Nilimupitisha mara kenda.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Nimeamuka na akili. Jana machozi ilinifunika macho. Adèle alifanya mupango! Miye naungua na Kingereza juma nzima, yeye huku anamupa mutoto Kiswahili, kusudi Kingereza yangu ikose kazi. Na ni Kiswahili ya Beni, ile ya mbiombio. Ndjo maana alinipa saa ya kwanza na roho nzuri.

Nimemutumia Siméon sauti: mutoto apumuzike na Kiswahili, hata mwezi moja, mpaka miye nikomae.

Kwa Adèle nimetuma kuku na gari ya Beni. Ile nono, yenye inataga. Christa anauliza, mutu akiwa adui, kuku ni ya nini. Kuku ni ya asante. Hasira itafuata na gari ingine.

Sasa hivi naenda kwa Kasonia. Anasema kuko neno "teki", peke yake iko na mikia makumi mbili, na kila mukia inaipeleka njia yake. Nataka zote. Na Bénie akithubutu kunisemesha Kiswahili yenga inayokuya, nitajifanya hapana sikia.